Kifuniko cha Bati

Asubuhi ile tuligombana kuhusu sufuria. Shamba letu la kakao lilikuwa nje ya Mbau, upande wa barabara inayokwenda Kamango, na mama mkwe wangu, Mama Kanyere, alitaka tubebe sufuria yake kubwa ya alumini ya kuyeyushwa na kumiminwa, ile nene ambayo hata ikiwa tupu inakuvunja shingo. Mimi nilisema ndogo inatosha. Yeye alisema majirani wanakuja kutusaidia kupasua kakao, na majirani hawawezi kushiba maneno.

"Masika, unataka batu baseme nini? Kwa Kanyere banapasuaka kakao na njaa?"

"Lakini Mama, iko muzito sana."

"Nitabeba miye. Weye beba mudomo yako."

Akaiweka kwenye kitunga, kifuniko chake juu, akapitisha kamba kwenye kipaji cha uso, akainama, akaondoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye mzaha usioisha. Tangu nilipoolewa na mwanawe Paluku alikuwa akinifundisha kupika kana kwamba kwetu nilikuwa nakula mbichi. Nilimpenda. Sikumwambia, kwa sababu kwetu mtu hamwambii mama mkwe maneno ya namna hiyo. Paluku mwenyewe siku hiyo alikuwa Butembo, amepeleka kakao kuuza.

Tulifika, tukawasha moto, tukaanza kuchuma. Majirani walichelewa, na kuchelewa kwao kuliwaokoa.

Badala yao walitokea watu wengine kati ya mikakao, bila kelele. Wa kwanza alivaa buti za mpira kama zetu za shamba. Nilimsalimu.

Mama aliona bunduki kabla yangu. Alikuwa ameshika sufuria, ikamponyoka. Kifuniko kikapiga jiwe na ukingo wake ukamegeka, pengo la kupitisha kidole.

Mmoja akaiokota sufuria, akaigonga kwa vidole, akatabasamu. "Hii ni nzuri," alisema. "Atakayeibeba ni huyu bibi."

Hivyo ndivyo tulivyochaguliwa. Sufuria ilikuwa nzuri.

Porini tulikuta mateka wengine, na kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Mimi nilipewa gunia la maharagi. Mama alibaki na sufuria na kifuniko chake, na ndani yake wakajaza sahani zao na chumvi. Niliomba tubadilishane. Mkubwa wao, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya upole, aliniambia kila mtu atakufa na mzigo wake mwenyewe. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia.

Sheria ilikuwa moja: ukiweka mzigo chini kabla ya amri, huunyanyui tena. Baba mmoja wa Kamango aliuweka wake ili afunge kamba ya kiatu. Alifunga kiatu. Walimwacha amalize, kisha wakamkata. Mzigo wake wakaugawa kwetu sisi wengine, naye tukamruka.

Tulitembea tangu kulipopambazuka mpaka jua lilipopinda, ndipo tukasimama kupika, mara moja kwa siku. Wao walikula kwanza. Sisi tulikwangua chini. Baadaye tulitembea tena mpaka giza. Nilifanywa mpishi kwa sababu Mama alisema, kwa sauti ya kuringa, kwamba mkaza mwanawe ndiye anayepikia sikukuu za parokia. Ilikuwa uongo. Mpishi wa parokia alikuwa yeye. Lakini alijua mpishi hapigwi sana, na nafasi hiyo akanipa mimi.

Shingo yake ilianza kuvimba. Kamba ilimchubua kipaji cha uso mpaka nyama ikaonekana. Kila tuliposimama nilikiangalia kile kifuniko kinene na kukichukia. Kilikuwa na uzito wa mtoto mchanga, na kwa sababu ya lile pengo hakikuwa na kazi: mvuke ulitoka wote, maharagi yalichelewa, mkubwa akanung'unika. Niliwaza kila hatua jinsi ya kumwondolea Mama kitu kile. Sikuwaza kutoroka. Niliwaza kifuniko.

Katika mali waliyopora mahali fulani kulikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kula. Siku lilipokwisha nilimwendea mkubwa. Nilimwambia, kwa heshima zote nilizofundishwa, kwamba nikipewa bati la kopo lile nitatengeneza kifuniko kinachobana vizuri, na maharagi yataiva bila kuni nyingi wala moshi mwingi. Moshi aliuogopa kwa sababu ya wanajeshi. "Tengeneza," akasema.

Nililipasua kopo kwa kisu na jiwe, nikalikunjua. Niliipindua sufuria juu ya bati, nikachora mduara kwa mkaa, nikakata nje ya mstari, upana wa kidole zaidi. Pembeni kote nikakata meno madogo madogo, nikayakunja moja moja kwa kuyagonga na kijiti juu ya ukingo wa sufuria, mpaka bati likaukumbatia mdomo wake. Katikati nikatoboa matundu mawili, nikapitisha waya uliokunjwa, ukawa mkono wa kushikia. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo nikijua maana yake: katikati ya watu wale, nilikuwa na furaha.

Kifuniko kilikuwa chepesi kiasi kwamba upepo ungekichukua. Mkubwa alikijaribu, kikaingia vizuri. Akakichukua kile kinene cha Mama, akakitupa mtoni. Mama alikitazama kikizama, halafu akanisogelea.

"Ile kifuniko nilinunuaka mbele Paluku azaliwe," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Nyamaza, mwana wangu. Shingo inasema aksanti."

Siku hiyo alitembea vizuri. Hata alinitania kwamba nikitoka salama nifungue duka la vifuniko Butembo, nitajirike kuliko wauza vitenge.

Maharagi yaliiva upesi. Bati lilibana mvuke wote ndani. Kabla hatujakaa vizuri, chakula kilikuwa tayari, wanaume wakala, tukakwangua, na mkubwa akasimama akifuta mdomo.

"Mama mwenye akili," aliniambia mbele ya wote. "Sasa tutafika mapema. Simameni."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na kesho yake tena.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amelala ubavu karibu na moto, macho yamefungwa, mimi nikikoroga sufuria. Alisema polepole, bila lawama, "Masika, kifuniko yako iko muzuri. Lakini miye nilikuwaka napumuzika mu ile maharagi."

Sikumwelewa. Akafungua jicho moja.

"Yakiiva, tunasimama. Ndio vile. Zamani yalikuwa yanaiva pole pole."

Mwiko wangu ukasimama ndani ya sufuria. Muda wa kupika ulikuwa ndio muda wetu wa kukaa. Hatukuwa na mwingine. Ule mvuke uliokuwa ukitoka kwenye pengo la kifuniko cha zamani ndio uliokuwa ukimlaza mama mkwe wangu. Mimi niliuziba kwa mikono yangu, nikagonga meno ya bati moja moja ili usitoke hata kidogo.

Mama akaanza kucheka. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtoka. Nami nikacheka, kwa sababu yeye alicheka, na mmoja wao, mlinzi wa moto, akatupiga wote wawili kwa fimbo.

Tangu hapo nilipika kwa kuiba. Kila mwanamke anajua kwamba maharagi yanayochemka ukiyatia maji baridi yanagoma. Niliyatia maji baridi. Nilivuta kuni nje kidogo kwa mguu. Nilifunua kifuniko mara nyingi nikijifanya naonja. Nilipata muda kidogo hivi, muda wa kusali fungu moja la rozari, na Mama aliusali kwenye vidole vyake akilala katikati ya sala. Lakini mlinzi alikuwa na njaa na macho yake hayakutoka kwenye sufuria. Sikuweza kufanya mengi.

Miguu ya Mama ikavimba. Macho yake yalianza kunipita, yakitazama kitu ambacho mimi sikukiona. Jioni moja alianguka na kusimama kabla hawajageuka. Nilijua hataweza tena bila kulala usingizi wa kweli. Kula kusingemsaidia kama kulala. Hivyo ndivyo nilivyoona, na hata leo, nikiwa nimekaa Butembo nimeshiba, bado naona hivyo.

Siku iliyofuata mlinzi wa moto aliitwa mbali kidogo, kulikuwa na ubishi juu ya njia. Nilimwaga maji baridi mengi. Nilichomoa kuni zote nzito nikaacha vijiti. Nikaweka kifuniko changu kizuri juu ya maharagi yaliyopoa, nikakaa, nikachukua kichwa cha Mama nikakiweka kwenye paja langu.

Alilala. Alikoroma. Nilimfunika kipaji cha uso kwa jani ili nzi wasikae kwenye kidonda. Jua lilisogea. Sijawahi kuona mtu akilala vile, mdomo wazi, kama yuko kitandani kwake Mbau. Mara moja aliamka, akanitazama, akauliza, "Yameiva?"

"Bado, Mama. Lala."

Akalala tena.

Ndipo milio ya bunduki ikasikika, mbali, upande tuliotoka.

Mkubwa alikuja mbio. Akafunua sufuria, akabonyeza haragi moja kati ya vidole. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akanitazama, nikajua ameelewa.

Hakunipiga.

"Mwaga," alisema. "Tunaenda."

Nikamwaga maharagi yote majanini. Hakuna aliyekula, wao wala sisi. Mama akafungiwa sufuria mgongoni. Aliinuka, akatembea vizuri, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Usingizi ulikuwa umemrudisha. Tulivuka kijito. Tukaanza kupanda mlima.

Katikati ya mlima magoti yalimkataa.

"Nina njaa, Masika," alisema. Si kwa kulalamika. Alinijulisha tu.

Nilimshika mkono, nikavuta. Mlinzi akanisukuma mbele kwa mtutu. Sufuria iligonga ardhi nyuma yangu.

Hawakutumia risasi, kwa sababu ya wanajeshi.

Wakanifungia sufuria mimi, juu ya gunia langu. Kifuniko cha bati kilikuwa bado juu yake. Nilipanda mlima ule nikiwa nacho mgongoni, na kweli kilikuwa chepesi, sikukihisi kabisa.

Baada ya siku chache wanajeshi walitufikia. Watu walikimbia kila upande, wengine wakafa, mimi nikatokea barabarani nikiwa na matope mpaka shingoni. Huko nyuma hakuna kaburi. Waliokwenda kutafuta miili hawakufika kwenye mlima ule, na mimi nisingeweza kuwaonyesha.

Butembo watu ni wema. Huniambia nishukuru kwamba niko hai, na kwamba yule mama alikuwa mzee. Hasira hunipanda. Alikuwa mzee, ndiyo, na alikuwa na haki ya kufa nyumbani kwake akigombana nami kuhusu chakula. Waliomuua hawakumchukia hata kidogo. Walihitaji sufuria ibebwe, basi, na hilo ndilo nisilowasamehe.

Paluku alinisikiliza nikimweleza yote, amekaa kwenye kiti kidogo, mikono katikati ya magoti. Kuhusu kisu hakuuliza. Kuhusu mahali hakuuliza. Aliuliza kitu kimoja, kile ambacho mtoto wa mpishi angeuliza.

"Mama alikulaka ile siku?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia hapana, hakula, lakini alilala sana, alilala vizuri kichwa chake kikiwa hapa kwenye paja langu.

Akaliangalia paja langu.

"Hata kijiko moja?"

"Hata moja."

Akainuka, akatoka nje, akasimama ukutani. Nilimsikia akilia. Sikumfuata, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.