Shangazi Gáddjá na Mgongo Mweupe

Shangazi Gáddjá akikasirika hapigi kelele. Huvua kofia, akajikuna utosini, akaivaa tena, halafu akaanza kufanya kazi yoyote iliyo karibu kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Kama ni kuni, zitapasuliwa mpaka ziwe njiti. Kiangazi kile tulikuwa na njiti za kutosha kijiji kizima, na aliyemkasirisha ni mdogo wake Issát, ambaye ni baba yangu mzazi.

Naandika habari zake kwa sababu kwetu wanazisimulia vibaya. Wanasema ni bibi kizee aliyeiba kulungu wa ndugu yake, hao wa theluji tunaowafuga huku kaskazini. Mimi nilikuwepo.

Hakuwahi kuolewa. Alipokuwa msichana alitokea mchumba, mwanamume mzuri wa sura, akaja kunywa kahawa kwao, na kabla kikombe hakijaisha akamuuliza ana kulungu wangapi. Kwetu huulizi hivyo, kama vile usivyomuuliza mtu ana kiasi gani benki. "Nikampa mguu mmoja wa nyama iliyokaushwa," shangazi huniambia, "nikamwonyesha mlango. Mguu ule ndio kulungu pekee aliyempata kwangu." Akabaki na alama yake mwenyewe ya sikio, ule mkato unaoonyesha kulungu ni wa nani, na nyonga inayomuuma tangu alipoanguka na pikipiki ya theluji, na ulimi.

Baridi yote wanyama wetu wako bara. Wanafukua theluji kwa kwato na kula jani jeupe lililo chini. Tunaliita jani, lakini halina mzizi wala ua, limelala juu ya mawe kama sufu iliyochambuliwa. Likiwa chini ya theluji, au likiwa limelowa, ni laini, unalikanyaga na linainuka tena. Likikaushwa na jua la kiangazi linakuwa kama mkate mkavu. Ukwato mmoja tu, unga. Na likishakuwa unga, mtoto anayenyonya leo ataota mvi kabla halijarudi kuwa nene. Ndiyo maana tunaondoka theluji ikiwa bado ngumu, tunawapeleka wanyama pwani wakale nyasi na machipukizi ya mierebi. Kila mtoto wa kwetu analijua hili. Baba yangu analijua. Mimi alinifundisha yeye.

Sasa baba alijenga vibanda vya watalii kando ya ziwa, chini ya Mgongo Mweupe, kilima kirefu kilichofunikwa na jani hilo. Mgongo huo ni malisho ya baridi ya baba na ya shangazi pamoja, waliyoachiwa na mama yao, na ya binti yangu Sunná, aliyepewa alama yake ya sikio na mtamba wake wa kwanza siku ya ubatizo. Watalii huja kiangazi, na watalii wanataka kuona kulungu.

Mwaka wa kwanza baba alichelewa kuwahamisha. Mwaka wa pili alileta nusu. Mwaka wa tatu alisimama mlangoni na kikombe mkononi akatuambia, "Nyinyi tangulieni. Nitawafuata."

Shangazi alimtazama. "Lini?"

"Dada, kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemfunga kamba nikaondoka naye."

Tukatangulia. Pwani, ule uwanja ambao bibi yangu alikuwa akikamulia kulungu, wenye nyasi fupi na maua ya manjano kila kiangazi, ulikuwa umeota mierebi hadi kiunoni. Kundi la baba lilikuwa likishinda hapo likikata machipukizi kabla hayajawa miti. Sasa midomo ile haikuwepo, na wanyama wa shangazi peke yao hawakuuweza uwanja wote. Chini ya mierebi nyasi zilikuwa nyembamba, za rangi ya njano, zinakufa kwa kivuli. Shangazi alichukua shoka dogo akaingia humo na nyonga yake mbovu, akawa anafyeka.

"Pumzika, shangazi," nikamwambia.

"Siwezi. Nafanya kazi ya meno ya kulungu wa baba yako."

Katikati ya kiangazi nilimpeleka Sunná bara kupata chanjo, nikapitia kwa baba. Nilisikia kabla sijaona. Kila nilipoweka mguu, kra, kra. Nikainua macho. Ubavu wa Mgongo unaoelekea ziwani haukuwa mweupe tena, ulikuwa kijivu na kahawia, na mawe yamejitokeza. Kulungu walikuwa wamesongamana kwa sababu ya mbu, wanazunguka mahali pamoja kama wanyama wanavyofanya mbu wakizidi, na kila mzunguko vumbi jeupe linapanda. Watalii walikuwa wanapiga picha vumbi lile.

"Baba, wanakanyaga," nilisema.

"Kipande kidogo tu."

"Kipande hicho ni cha Sunná."

"Mgongo ni mkubwa, mwanangu. Usiniletee maneno ya shangazi yako hapa mbele ya wageni. Umekula?"

Sikula. Niliinama nikazoa ule unga nikaujaza kwenye kofia ya mtoto. Sunná mgongoni mwangu alikuwa anacheka, anadhani tunacheza.

Niliporudi pwani, shangazi alipouona unga ule alisugua kidogo kati ya vidole, akanusa. Akavua kofia. Nilifikiri atampigia simu baba, na mimi nilikuwa nimeshapanga maneno yangu makali ya kuongezea. Akauliza, "Mvua wamesema lini?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa."

Nikaelewa. Kuwatoa kulungu wa baba Mgongoni siku kavu kungekuwa kumalizia kilichobaki. Kugusa kundi la mtu mwingine bila ruhusa, hata la ndugu, kwetu si jambo dogo. Watu wameacha kusalimiana kizazi kizima kwa makosa madogo kuliko hilo. Hakuniambia niende naye wala nisiende. Mume wangu Ánte alimchukua mtoto kifuani akasema, "Nenda. Nikienda mimi watasema ni ugomvi wa wakwe."

Ijumaa mvua ilikuja kweli. Tulikaa chini ya turubai pembeni mwa Mgongo, shangazi, mimi na mbwa wawili, tunakunywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani. Kila mara alitoka akapiga magoti, akabonyeza lile jani kwa kiganja. "Bado." Akarudi. Akatoka tena. "Bado, juu tu ndiyo limelowa." Mvua ikamwingia mgongoni na hakujali. Mwisho alibonyeza, likabonyea na kuinuka kimya, bila kra. Akasema, "Sasa."

Alimkamata jike anayeongoza kundi, akamfunga kamba, akatangulia mbele akichechemea. Wengine wakamfuata. Mimi na mbwa tulikuwa nyuma. Tulipanga kuwashusha upande wa pili wa Mgongo na kuwavusha mto, kwenye bonde la nyasi na mierebi, ambako hakuna jani jeupe la kuharibu.

Tulikuwa hatujafika mtoni baba alipotokea na pikipiki yake ya magurudumu manne.

"Gáddjá! Unaniibia mchana kweupe?"

"Zima hiyo pikipiki, utawatawanya."

"Nitaita polisi."

"Ita. Waambie waje na viatu vya mpira, chini kumelowa."

"Nina wageni wamelipia mpaka mwisho wa mwezi. Niwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe mgongo wako. Mgongo wa mama umeshaumaliza."

Baba alinigeukia mimi. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Na wewe? Damu yangu?"

"Mimi ndiye niliyemwambia, baba."

"Kwa nini hukuja kwangu kwanza?"

"Nilikuja. Uliniuliza kama nimekula."

Alikaa juu ya pikipiki ile, hakuiwasha, mpaka mnyama wa mwisho alipoingia majini. Hakuita polisi. Lakini kufika Jumapili kila mtu kijijini kwetu Guovdageaidnu alikuwa amesikia kwamba dada ya Issát ni mwizi, na dukani wanawake waliozoea kumbeba Sunná walikuwa wanatazama mikate. Shangazi alinunua alichotaka, akasalimia kila mmoja kwa jina, akatoka. Nje alivua kofia.

Baridi ilipoingia tuliona kilichobaki. Ubavu wa ziwani umekwisha. Ubavu wa kaskazini, ambao kundi lilikuwa halijaufikia, ulikuwa mzima, na hapo ndipo wanyama wa shangazi na mtamba wa Sunná walipofukua. Kundi la baba lilikuwa ng'ambo, ubavu wa ziwani, kwa sababu shangazi alikuwa ameshauwahi ule wa kaskazini, linafukua mawe. Ukipita unasikia kwato zikigonga jiwe, na mbavu zao unaziona kwa mbali.

Baba alikuja kibandani kwetu akiwa amekonda pia. Hakuketi.

"Dada, hawapati kitu."

"Najua. Nina masikio."

"Naomba ubavu wako. Baridi hii tu."

Shangazi alikuwa anapasua mfupa wa uboho. Aliupasua, akala uboho wote taratibu, baba amesimama.

"Kulungu waje," alisema. "Wao hawajajenga vibanda. Wewe usije."

"Nani atawachunga?"

"Binti yako. Na theluji ikiwa bado ngumu wataondoka na sisi kwenda kula ile mierebi. Wote. Hakuna atakayesema atatufuata."

"Ni wanyama wangu, Gáddjá."

"Basi kaa nao, wafe wakiwa wako."

Baba alinitazama nimtetee. Nilikuwa namnyonyesha Sunná. Nilimpenda na nilikuwa na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja. Nikamuuliza tu kama atawaleta kesho au nikawachukue mwenyewe.

Alivaa glavu zake akatoka. Asubuhi hakuwaleta, nikaenda kuwachukua mwenyewe.