Pua Kwenye Kioo

Mama Kadi, binti wa mshona viatu, mjukuu wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyeandika kwa mkono kadi zote za makumbusho yetu madogo kwa miaka thelathini na moja. Najua, maana mimi nilikuwa mfagiaji pale, na hakuna kioo ambacho sikukifuta.

Katika kabati la katikati alikaa mnyama aliyekaushwa, mfano wa kindi, ngozi imetanda toka mikononi hadi miguuni. Enzi za uhai wake alikuwa akijirusha na kuelea toka mti hadi mti. Chini yake, ndani ya chupa, kiliishi kimea bapa cha kijani, kimeganda kwenye gome kama ulimi. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu kuliko chenyewe. Kila asubuhi Mama Kadi alikinyunyizia maji.

Siku moja mkuu mpya akasema, "Mama, hiyo chupa itupwe. Hakuna anayeitazama."

"Bosi, wote wawili wamo kwenye orodha ya wanaokaribia kutoweka."

"Lakini huyu mnyama ni jamaa yetu. Ananyonyesha!"

"Kweli, yeye ni himaya ya wanyama, ngeli ya mamalia. Huyu wa chupani ni himaya ya mimea, karibu na kuvumwani, vile vimea laini vya kwenye mawe mabichi. Hana ua, hana mbegu, hana hata mzizi wa kweli. Undugu wao ni wa mbali mno, ila mti wao ni mmoja. Nipe wiki moja tu."

Nikamcheka. "Wifi, unagombania ukoga?"

"Wewe futa vioo, wifi. Mdomo haujaajiriwa hapa."

Akaandika kadi mpya: *Mti wetu ukikatwa, mmoja wetu ataruka. Mtafute asiyeweza.*

Weee! Watu wakaanza kuinama. Nafuta kioo, nikigeuka tu, kimechafuka tena. Ijumaa nikagoma, nikamwita mkuu.

"Haya madoa ni ya nini?"

"Ni pua, bosi. Huku juu kwa mnyama ziko tatu. Za chini nimechoka kuhesabu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha naye akainama, akaacha yake.

"Chupa ibaki," akasema.

Siku ya kustaafu kwake, Mama Kadi alinishika mkono mbele ya watu wote, akanitia kiganjani kile kichupa cha kunyunyizia.

"Asubuhi, mara tatu, maji ya mvua, siyo ya bomba. Na kimea usikizamishe, wifi, mkono wako naujua."