Nyuzi Tisa za Mzee Tanuri

Pale maabara kila mtu alimwita Mzee Tanuri, hata wale waliomzidi umri. Msomi hakuwa, vyeti vyake vyote vingeenea kwenye mfuko wa shati na nafasi ya kalamu ikabaki. Alikuwa fundi tu, na kwa miaka thelathini na moja alikaa mbele ya tanuri la umeme lenye mdomo wa duara akipima joto la kuyeyuka kwa chumvi za metali adimu. Wasomi walikuja, wakaandika vitabu vyao, wakapanda vyeo. Yeye aliambulia kikohozi. Kabati la kuvuta moshi lilikufa zamani, na kila mwaka mpya waliahidiwa mtu wa kulitengeneza, kwa barua yenye muhuri kabisa.

Chumvi hizo ni nyeupe, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na ya jikoni, lakini zina adha. Zikionja hewa tu, zinakunywa unyevu. Ukizipasha moto na unyevu wake, sehemu yake hugeuka kitu kingine kigumu, na kipimo chote kinaharibika. Kwa hiyo unazikausha taratibu kuanzia alfajiri mpaka alasiri, huku gesi kavu ya asidi ikipita juu yake bila kukatika hata dakika moja. Ndipo unaziyeyusha, unapunguza moto, unaandika joto kila nusu dakika linavyoshuka. Likifika mahali pake, chumvi inapoanza kuganda, joto husimama. Unaandika namba ileile mara tano, mara sita, na hiyo ndiyo namba unayoitafuta. Kisha fundi anatia sahihi chini ya ukurasa, kwenye mstari wa shahidi, kwamba tanuri liliwashwa na mambo yalikuwa hivyo. Pasipo sahihi ya fundi, ukurasa ule ni karatasi ya kufungia karanga.

Mwaka huo alikuwapo binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya pili, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa utepe upande mmoja. Alimwita mzee Baba tangu siku ya kwanza, naye akamwita Mwanangu. Binti alipewa chumvi moja ambayo ilikwisha kupimwa palepale miaka ishirini na miwili nyuma, aanzie hapo kisha aendelee na mpya. Kitabu kilisema nyuzi mia nane arobaini na tisa. Yeye alipata mia nane hamsini na nane. Alirudia mara sita, mara sita zote hamsini na nane.

Mkuu wa maabara, waliyemwita Daktari, hakutaka kusikia. Shahada yake mwenyewe ya juu kabisa ilisimama juu ya ile arobaini na tisa.

"Namba hii imepita mikononi mwa watu wazima," alimwambia. "Wewe ndiye mzembe. Ijumaa saa nane niletee kipimo cha saba. Kisipolingana, nafasi yako nampa mwingine."

Binti alitoka akakaa chini sakafuni karibu na mitungi ya gesi, akalia kimya kimya, miwani mkononi. Mzee Tanuri alisimama pembeni yake, na roho ilimuuma kwa sababu alijua mzembe ni nani.

Namba ile ya kitabuni alikuwa ameiandika yeye. Siku hiyo chumvi ilikuwa imebakiza saa mbili ikauke, jirani akaja mbio kutoka hospitali: mtoto wako amezidiwa, mama yake anakuita. Mtoto wa kiume wa miaka minne, wa kwanza. Mzee, ambaye hakuwa mzee wakati ule, alitazama saa, akatazama tanuri, akasema atamalizia kwanza. Alivumilia saa moja na nusu. Ndipo akakimbia, akaacha gesi ikienda peke yake, akidhani iliyobaki mtungini itatosha. Alipofika wodini walikuwa wamekwisha kumfunika mtoto shuka. Jioni ile alirudi maabara kama mtu aliyepigwa kichwani, akakuta mtungi mtupu na tanuri likivuta hewa. Hakuwa na moyo wa kuanza upya. Akabadilisha mtungi, akayeyusha, akaandika alichokiona, akatia sahihi. Profesa wa wakati ule, marehemu sasa, alikuja msibani akamshika mkono, akamsifu kwa namba nzuri. Ungekuwa wewe, ungesema nini pale? Namba ikaenda kuchapwa.

Mzee alimwambia mkewe kwamba profesa alimkatalia ruhusa. Mke akamchukia profesa miaka ishirini na miwili, na alipokufa hakwenda hata kumzika.

Sasa ilikuwa Jumatano, na mzee alikata shauri kusema. Ila maabara ni kama soko, neno halikai. Kabla hajamwambia Daktari, lazima mkewe alisikie kwake kwanza. Akamwinamia binti pale sakafuni.

"Mwanangu, nenda kapumzike. Mambo yatakaa sawa."

Basi. Hakuongeza neno. Angeongeza moja tu.

Jumatano hiyo alirudi nyumbani, ulimi ukamwia mzito. Alhamisi aliomba ruhusa, akashinda sebuleni akizungukazunguka mpaka mchana, mkewe alipokuwa akimpigia pasi koti lake jeupe la kazi.

"Mama watoto," alisema, "profesa hakunikatalia."

"Hakukukatalia nini?"

"Siku ile. Hata ofisini hakuwepo. Chumvi ilibakiza saa mbili. Nikasema nimalizie kwanza."

Pasi ilisimama. Mkewe aliichomoa kwenye umeme, akaisimamisha kando isiunguze kitu.

"Mtoto alikuita," alisema. "Muda wote ule alikuwa anakuita. Nikamwambia baba anakatazwa kuja."

"Nisamehe."

"Nimemchukia yule mtu bure."

Alikunja koti, mkono mmoja umenyooshwa na mmoja una makunyanzi vilevile, akamkabidhi mumewe mikononi. Kisha akachukua mto wake, akahamia chumba walicholala mabinti zao kabla hawajaolewa.

Ijumaa saa nane Mzee Tanuri alivaa koti hilohilo, akabeba kitabu cha zamani kwapani, glasi mbili za maji, na vichupa viwili vya kioo vilivyozibwa kwa moto: kimoja masalio ya chumvi yake ya siku ile, kingine ya binti, kipimo cha sita. Ofisini kwa Daktari alimkuta binti amekwisha kufika, amesimama mbele ya meza, daftari lake wazi mbele ya Daktari. Daktari alikuwa na uso wa furaha.

"Mzee, umekuja wakati mzuri, tunakuhitaji hapa."

"Nisikilize kwanza, Daktari. Nikinyamaza sasa sitasema tena."

Binti alimtazama, akatikisa kichwa. "Baba, acha. Tafadhali."

Mzee alidhani anaonewa huruma. Akasema yote, mtoto, mtungi, sahihi, bila kupumzika ila pale kikohozi kilipombana. Kisha akavunja vichupa, akamimina kila kimoja kwenye glasi yake. Chumvi ya binti ilizama majini ikapotea, maji yakabaki safi kabisa. Chumvi yake ikaacha ukungu kama maji yaliyooshea mchele, na ukungu haukutua.

"Ule ukungu ni chumvi iliyokunywa unyevu wa hewa," alisema. "Ndio uliokula nyuzi tisa. Binti yuko sahihi. Ni hamsini na nane."

Daktari aliinua zile glasi moja moja, akazitazama mwangani. Hakuwa mtu mbaya, na hesabu alizijua.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Ni hamsini na nane."

Mzee alihisi kifua kinafunguka. Kitambo kidogo tu, kwa sababu Daktari alikwisha kulivuta daftari na kumgeukia binti.

"Na hii arobaini na tisa uliyoniletea sasa hivi, imetoka wapi?"

Safu ya namba ilikuwa imepangika vizuri, imesimama mara sita penye arobaini na tisa, kwa mwandiko wa binti.

"Tanuri uliwasha jana?"

"Sikuwasha," alisema. "Niliziandika tu. Nilikaa nikamsubiri Baba mpaka saa kumi, hakuja."

Daktari alivua miwani. "Kipimo cha kubuni adhabu yake ni kufukuzwa, na siwezi kuikwepa. Wewe, Mzee, yako ilikuwa ya msiba, na mwezi wa sita unastaafu."

"Daktari, kosa langu ni kubwa kuliko lake."

"Najua." Alisogeza daftari mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa shahidi. "Andika hapo kwamba jana tanuri halikuwashwa. Kisha utie sahihi."

Mzee Tanuri alipapasa mifuko ya koti, hakuona kalamu. Binti akampa yake.

"Andika tu, Baba," alisema. "Ungeniambia juzi."

Akaandika.