Samaki wa Chini Hawali Makombo

Nilipewa kazi Ruiru kwa sababu ya ziwa ambalo sikuwa nimeliona. Nilizaliwa katika laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge nje ya Thika, ambako baba alikata mkonge mpaka kifua kikamwangusha, na maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Chania wakati wa masika. Lakini jina la baba lilikuwa jina la watu wa magharibi, wa kando ya ziwa, na bwana meneja wa shamba la kahawa alipolisikia aliacha kunitazama kama mtu aliyekuja kuomba kazi, akanitazama kama mtu aliyetumwa na Mungu.

"Wewe mutu ya ziwa," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Wewe najua samaki."

"Ndiyo, bwana."

Samaki niliyemjua mimi ni yule mkavu ambaye mama alimnunua sokoni na kumloweka mpaka alainike. Sikumwambia. Mtu anayedhani kwamba ujuzi wa samaki hurithiwa kama pua hana haja ya kusahihishwa, hasa akiwa na chumba kitupu nyuma ya jiko lake.

Chumba ndicho nilichokitaka. Mama alikuwa amemfuata baba kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye kifungua mimba, nilikuwa na miaka kumi na saba, shule nilishaiacha darasa la nne ili nimuuguze mama, na nyuma yangu walikuwa wadogo zangu watatu, wavulana wawili na msichana wa mwisho wa miaka mitano. Mnyapara wa mkonge alitaka chumba chetu. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mananasi pale Thika, akaja na mpango wake tayari: mmoja akae kwake, mmoja aende kwa shangazi, na wa mwisho apelekwe magharibi kwa watu ambao hata sura zao sizijui.

Tulikaa kwake majuma matatu, na hayo yalinitosha kuuelewa mpango. Watoto wake walikula kwanza, kisha sufuria ikasogezwa kwetu. "Mtoto mdogo tumbo lake ni kama ngumi," alisema akichokoa meno. "Makombo yanamtosha." Nilimsikiliza kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo kitu cha mwisho alichopata kutoka kwangu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wenyeji wengi, Wakikuyu walioshukiwa kuwa Mau Mau, walikuwa wamechukuliwa kizuizini, na nyumba za Wazungu zilikuwa zikitafuta watu kama sisi, tuliodhaniwa kuwa hatuna neno moyoni. Sikujivunia kuingia kazini kwa mlango huo. Niliingia.

Bwana alikuwa karibu kwenda likizo kwao kwa miezi sita. Shamba lilikuwa na sheria kwamba mtumishi wa nyumbani halali na jamaa zake. Nilipomwambia kuhusu wadogo zangu alifikiri kidogo, akanipeleka barazani penye sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, akaligonga kwa kidole.

"Mimi narudi, samaki iko muzima, toto nakaa. Samaki nakufa, toto nakwenda. Sawa?"

"Sawa, bwana."

Hivyo ndivyo wadogo zangu watatu walivyofungwa kwenye mikia ya samaki sita.

Nililichungulia lile sanduku, sikuona kitu. Ilibidi anionyeshe. Walikuwa wembamba kama penseli, na urefu wa kidole, wenye pete za njano na kahawia, na sharubu fupi kuzunguka mdomo. Ngozi yao ilikuwa laini, magamba hayaonekani. Walitoka mbali sana, kwa ndege, ndani ya debe. Mchana kutwa walijificha chini ya mawe, na kwa miaka miwili bwana alikuwa akiwaonyesha wageni wake maji.

Mpishi, mzee Mkikuyu ambaye hakupata kula samaki maishani na hakukusudia kuanza, aliwaita nyoka. "Mimi nalala na blanketi moja," aliniambia, "na nyoka wamewekewa taa. Ukiona Mzungu amekosa kazi, ujue hivyo."

Bwana aliniachia maagizo. Alisema samaki hao wa chini ni kama maboi wa wale wa juu: hula taka, hawahitaji kupewa chakula. Samaki wa juu, wale wekundu, walikuwa wamekufa wote siku nyingi. Hakujiuliza hata mara moja hawa wa chini walikuwa wakila makombo ya nani.

Kwa kuwa sikujua chochote, nilitazama. Ni kazi ambayo bwana hakuwahi kuijaribu. Jioni baraza lilipoingia giza, nilikaa chini nikawangoja watoke. Walitoka mmoja mmoja, wakaanza kuchimba kwa pua, kama kuku anavyochakura. Walichimba kokoto za machimbo zilizopondwa, nyeupe, kali kama chupa iliyovunjika, ambazo bwana alizichagua kwa sababu zinapendeza macho. Sharubu zao zilikuwa zimelika. Wawili walikuwa na vidonda vyekundu mdomoni. Mtu alikuwa amewawekea sakafu ya wembe wanyama wanaotembea kwa midomo, kisha akashangaa kwamba wanajificha.

Bwana alipoondoka tu, kokoto zilitoka. Wadogo zangu walichota mchanga laini mtoni, upande wa juu wa kiwanda cha kumenyea kahawa, kwa maana chini yake maji yalinuka maganda. Tuliuosha ule mchanga mpaka maji yakatoka meupe, tukauanika, tukaukung'uta kwenye ungo. Dada yangu mdogo aliukanyagakanyaga kwa nyayo zake na kutangaza kwamba haumchomi, na hicho ndicho kipimo tulichotumia. Siku nilipoumwaga ndani, samaki wote sita walizama humo wakabakiza pua nje. Nilikuwa sijapata kuona mnyama akipumzika hivyo.

Chakula niliwapa jua likizama, kwa kuwa mchana hawali: minyoo midogo kutoka chini ya matandazo ya kahawa, iliyooshwa na kukatwakatwa, kidogo tu, inayokwisha kabla hatujala wenyewe. Kinachobaki chini huoza, na wao ndio wanaolala chini, hivyo ndio wa kwanza kuvuta uozo huo. Kila Jumamosi nilitoa ndoo moja ya maji ya zamani na kurudisha ndoo moja ya maji ya mto yaliyotulia siku nzima. Ndoo hiyo niliifunga kitambaa chekundu, na yeyote aliyeigusa alinisikia. Samaki akipanda juu kuvuta hewa mara moja, hapo hakuna neno, ndiyo desturi yake. Akipanda kila mara, maji ni mabaya. Baada ya miezi miwili sharubu zilikuwa zimeota tena.

Kisha akaja yule bwana wa muda, aliyeletwa kushika shamba na kulala katika nyumba ile. Alikuwa kijana mwenye soksi ndefu, na hakuna jambo alilokosa kulijua. Alijua kahawa, mbwa, mvua itanyesha lini, na jinsi mpishi alivyopaswa kupika kitu alichokuwa akikipika tangu kijana huyo hajazaliwa. Julai ilipofika na baridi ya Ruiru kuingia, niliweka taa ya chemli chini ya sanduku na kulifunika blanketi kuukuu. Alilivuta lile blanketi ili wageni wake waone. Asubuhi ya tatu samaki wawili walikuwa na vidoa vyeupe, kama walionyunyiziwa chumvi.

Kwa bahati mbaya naye aliviona.

"Hii ni ugonjwa," akasema. "Naleta dawa."

Akarudi na mruturutu, ile dawa ya buluu waliyokuwa wakipulizia kahawa, kiganja kizima ndani ya kikombe.

"Bwana, hiyo inaua," nikasema. Nilikuwa nimeona mtaro ambamo wapulizaji waliosha mabomba yao. Vyura waliokuwa humo walielea matumbo juu, na hata mbu hawakurudi pale.

"Hii napona kahawa. Napona kila kitu. Wewe nasoma shule gani?"

Mpishi, aliyekuwa akipita na sinia, alisema kwa sauti ya upole, "Bwana, kama inaponya kila kitu, niweke kidogo kwenye supu yako?"

Yule kijana hakucheka. Alinipa kikombe, akaniamuru nikimimine chote saa kumi, atakaporudi kutoka shambani kuangalia. Nikasema ndiyo, bwana. Ndiyo bwana ni neno refu kuliko wanavyodhani. Ndani yake mna nafasi ya kutosha beseni zima.

Tulikuwa na beseni la enameli la mama, kubwa, la kuogeshea watoto, ambalo baba mdogo alikuwa amelitaka na hakulipata. Nilichota mchanga kutoka sandukuni, maji ya humo humo, kisha samaki mmoja mmoja kwa kitambaa. Wale wavulana wawili walilibeba mpaka chumbani kwetu, wakaliweka karibu na jiko la makaa, mbali kidogo na moshi. Mpishi alitukuta mlangoni.

"Umewaletea watoto nyoka?"

"Nimewaletea."

Akageuza uso ukutani. "Mimi sijaona kitu. Nyoka mimi siwaangalii."

Saa kumi nilimimina kikombe chote ndani ya maji matupu. Yalikuwa mazuri sana, buluu kama mbingu. Bwana wa muda aliinama akatazama, akaridhika.

Na hapa sina budi kusema ukweli kuhusu mtu huyo. Kwa wiki tano alilitazama sanduku lisilo na samaki kila jioni akiwa na glasi mkononi, na kila jioni alisema kwamba wanaendelea vizuri. Aliwaleta wageni wake wakayaona maji yake. Mwanamke mmoja alisema ameona mkia. Mimi nilisimama nyuma na sinia. Sikulazimika kudanganya hata neno moja. Walikuwa wanyama wa kujificha, naye alikuwa mtu wa kutotazama, na kati ya mambo hayo mawili wadogo zangu waliendelea kulala chini ya paa.

Chumbani kwetu kazi haikuwa ya kuchekesha. Dawa yangu ilikuwa joto na maji safi, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Tulibadilisha maji kidogo kila siku, vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, na wavulana walipokezana kuchochea makaa. Mmoja wa wale wawili wenye vidoa alikufa siku ya nne. Dada yangu alimkuta. Aliniuliza kama sasa mmoja wetu ataondoka, na kama ni mmoja, ni nani. Nilimwambia nyamaza ule. Wa pili alipona, vidoa vikamtoka kama ganda la kidonda, na wengine hawakuambukizwa.

Nilikusudia kuosha sanduku na kuwarudisha kabla mwezi haujaisha. Bwana akarudi wiki mbili mapema.

Niliitwa barazani. Bwana alikuwa amepiga magoti na kofia bado kichwani, akifukua mchanga kwa kijiti. Bwana wa muda alikuwa amesimama kando yake akieleza habari ya dawa ya buluu na jinsi alivyowaponya. Kijiti kilifika pembe moja, kikaenda ya pili. Hakuna kilichotikisika.

"Iko wapi?" bwana akauliza. Hakuniuliza mimi, aliyauliza yale maji.

"Jana nimeona," akasema bwana wa muda.

"Jana hawakuwamo," nikasema. "Wala juzi. Wana wiki tano hawamo. Wako kwangu."

Tulikwenda wote, hata mpishi, ambaye alisimama mbali. Bwana aliinama mlangoni petu, maana mlango ulikuwa mfupi, akatazama beseni la mama. Mkubwa wa wale wavulana wawili aliweka kiganja juu ya maji kufanya kivuli, na pua tano zikatoka mchangani. Bwana alizihesabu kwa mdomo.

"Mimi naacha sita."

"Uliacha sita wagonjwa, bwana, wasio na sharubu. Mmoja amekufa kwa baridi, blanketi lilipotolewa. Hawa watano ni wazima. Watazame midomo."

Akatazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Nyuma yangu wadogo zangu wawili waliokuwa wamekaa kitandani hawakupumua, nami sikugeuka, kwa kuwa ningegeuka ningelia, na sikutaka watu wale wauone uso wangu.

Bwana wa muda alianza kusema kitu kuhusu adabu. Bwana akamwambia kwa lugha yao maneno machache, na yule kijana akaenda kutafuta kofia yake.

"Toto nakaa," akasema bwana. Kisha, akiisha kusimama na kujipangusa magoti, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekuwa na haki tangu mwanzo. "Mimi najua. Mutu ya ziwa hapana shindwa na samaki."

"Ndiyo, bwana."

"Sasa rudisha kule ndani."

"Hapana, bwana. Maji yale ni sumu, na mchanga umekunywa sumu. Utatupwa wote, kioo kioshwe, maji mapya yakae. Wiki mbili."

Hakuna aliyewahi kumwambia hapana katika nyumba ile, na nadhani hakujua afanye nini nayo. Akakubali.

Kwa hiyo kwa wiki mbili, kila jioni, bwana meneja wa shamba zima la kahawa aliteremka mpaka nyuma ya jiko, akainama mlangoni kwa mtumishi wake na kungoja samaki wake waamke. Alitukuta tukila. Hatukumwachia kiti. Siku ya tatu dada yangu, mdomo umejaa ugali, alimtazama kwa muda, kisha akamwambia asogee kidogo, amewazibia samaki joto la jiko.

Akasogea.