Mzazi wa Limau Uani Kwangu

Nyumbani kwetu Ifakara mimi ndiye ninayebaki. Mke wangu anakwenda sokoni kuuza mchele, watoto shule, mimi na kuku. Majirani wananiita mwenye mji, na si kwa heshima.

Uani tuna mbalungi, lakini si ule wa matunda ya mviringo yaliyojaa maji. Huu ni wa kale. Tunda lake ni kama limau lililovimba, lenye vilima na mabonde, na ukilikata unakuta ganda jeupe, nene kama godoro, na nyama kidogo katikati, kavu na chachu. Marehemu baba aliupanda enzi zake za kukata miwa. Tawi alipewa na mwenzake wa kambini.

Mwaka jana mke wangu alitaka tuukate ajenge jiko la tofali. Mwenye msumeno angekuja Jumatatu.

“Mti gani huu, miiba mitupu,” alisema. “Hata tunda halikamuliki.”

Miaka yote nilifanya kosa la kila mtu wa huku: chochote kinachofanana na ndimu tunakikamulia kwenye samaki. Balungi lilinipa matone matatu juu ya perege, ganda nikawatupia kuku. Kuku nao wakaliacha.

Ndipo nikaingia kwenye simu kuutafutia mti wangu wakili. Kumbe tunda hili lilitoka chini ya milima ya kaskazini mwa India, likapita Uajemi na Arabuni. Wayahudi hulishika mkononi kwenye sikukuu yao ya vibanda. Wengine huliweka kwenye nguo kufukuza nondo, wale wadudu wanaozitoboa. Na limau, hilo tunaloliringia, ni mtoto wake. Mzazi wa limau yuko uani kwangu, nami nimemfunga kamba ya kuanikia nguo! Mwisho nikasoma la maana: kinacholiwa ni ganda.

Jumamosi mama mkwe angetoka Mang'ula kuja kuona jiko litakaa wapi, na kwetu neno lake halina rufaa. Ijumaa nikaloweka maganda, nikayachemsha na kumwaga maji mara tatu, kisha nikayapika kwenye sukari. Sufuria ya kwanza iliungua, nikaizika nyuma ya choo. Ya pili ilitoa vipande vinavyong'aa kama kioo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mkwe. Bado upo nyumbani?”

“Nipo, mama. Nalinda.”

“Unalinda nini, na kuku wanajua njia?”

Nikamwekea sahani. Akala kipande kimoja. Akala cha pili.

“Nani kapika?”

“Huyo,” mke wangu akasema.

“Huyu asiyejua kuchemsha maji?”

“Maji nimejifunza jana, mama,” nikasema.

Akainuka, akauzunguka mbalungi, akanusa jani. “Baba yako alikuwa anakula hivi?”

“Hapana. Yeye alipenda harufu tu.”

Akamgeukia binti yake. “Jiko lisogee kule kwenye mpapai dume. Ule ndio unakula mbolea bure.”

“Mama, umehongwa kwa peremende.”

“Nimehongwa. Na sahani haijaisha.”

Jumatatu mwenye msumeno alinikuta langoni, nimevaa shati lililopigwa pasi. Nikamwonyesha mpapai. Akacheka, akasema huo ni kazi ya panga. Halafu akauliza huu mwingine ni mti gani.

Nikamletea kiti kwanza.