Duara la Kalamu ya Buluu

Daktari wa duka la dawa la mtaa wa Shubra hakai. Viti viwili vilivyopo ni vya wagonjwa. Yeye huzunguka kaunta, kucha zikigonga kioo, mkono mwingine ukipapasa mfuko wa koti, mlimo na dawa ya kumwokoa mtu ambaye mwili wake umeikataa penisilini. Humdunga kila mgonjwa tone dogo la penisilini hiyo kwanza mkononi, akapazungushia duara kwa kalamu ya buluu, akamwambia asubiri nusu saa.

Fundi Mitwali, mpiga lipu mwenye koo bovu, alisubiri dakika kumi, akateremsha mkono wa shati.

“Nichome, daktari. Hii nimeshachomwa mara mia.”

“Na mimi nusu saa nimeisema mara elfu. Pandisha shati.”

“Pako sawa, wallahi!”

“Pandisha, we mzee!”

Pale mahali palikuwa pamevimba, wekundu umevuka wino.

“Mbu huyo,” Mitwali akanong'ona.

Daktari akageuka. Sindano iliyokwisha kujazwa akaimwaga kwenye sinki. Akamkalisha, akavuta kiti cha pili, akakaa naye bega kwa bega, mkono mfukoni, macho kwenye duara.

Kumwona amekaa, ndipo Mitwali alipoogopa.