Harufu Isiyosikia Sabuni

Pale maabara walimpa jina la Kitunguu, wakacheka naye vizuri tu, ila saa ya chai benchi lake lilibaki lake peke yake. Kazi yake kuosha vyombo vya kioo vya wakemia. Tangu waanze kuchemsha madini ya seleni, walimwambia ananuka kitunguu saumu. Mwenyewe hakuisikia.

Angezoea. Lakini binti yake, waliyenuniana naye miaka mitatu tangu warushiane maneno kwenye msiba wa mama mtu, alituma ujumbe: "Baba, nakuja Jumapili."

Basi akaanza kujisugua. Sabuni ya kufulia, ndimu, majivu. Ijumaa mkemia, mama mmoja wa miwani, akamkuta kwenye sinki mikono imewiva.

"Mzee wangu, unajichuna?"

"Naitoa hii harufu, mama. Nina mgeni."

"Haiko kwenye ngozi, iko kwenye pumzi." Akamweleza pole pole: mwili unahitaji seleni chembe tu, ya kujengea vimeng'enya vinavyolinda seli. Ikizidi, mwili unaibandika vipande viwili vya kaboni na hidrojeni, inakuwa dimethili selenidi, kitu chepesi kinachopaa kama mvuke, kinatokea mapafuni. "Mwili unajisafisha, mzee. Feni ya kile chumba cha kuchemshia seleni mbovu, nimekifunga. Usiingie tena, itaisha."

"Kabla ya Jumapili?"

"Wiki kadhaa."

Jumapili alimkaribisha binti mezani, yeye akajibanza dirishani, mdomo kaufumba, anajibu kwa kichwa. Chai ikapoa.

"Bado umenikasirikia, Baba?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Si useme! Au nirudi zangu?" Binti akashika mkoba.

Hapo hakuwa na ujanja. "Hapana, mwanangu. Niliyekosa ni mimi."

Maneno yakatoka na harufu yake yote. Binti akakunja pua, akaja akafungua dirisha. "Baba! Umekula gunia zima?" Akacheka, macho yamelowa. Mzee, kiganja mdomoni, akamsimulia habari ya seleni.

Hata hivyo binti hakukaa. Chumba kidogo, kichwa kilimuuma. Mlangoni akasema, "Ikiisha nipigie, nije nikae wiki nzima."

Sasa kila asubuhi mzee anapulizia kiganja, ananusa, hasikii kitu, wala jana hakusikia. Saa ya chai anakaa mwisho kabisa wa benchi, nafasi tele kaiacha wazi. Siku mtu atakapokuja kukaa hapo, ndipo atampigia binti simu.